Gari Jipya ni Jipya kwa Nani?

Watanzania tuna tafsiri yetu ya neno "jipya", na huwezi kuikuta kwenye kamusi yoyote. Jirani akitoa bandarini Toyota IST ya mwaka 2004, iliyokwisha kuendeshwa Japani kwa miaka mingi na watu tusiowajua, mtaa mzima utasema amenunua gari jipya. Ushahidi ni namba. Likiwa na namba E, hilo ni jipya. Likiwa na namba D, linaanza kuzeeka. Likiwa na namba A au B, hilo ni gari la babu, hata kama injini yake ina afya kuliko ya namba E. Umri wa gari tunauhesabu tangu siku lilipokanyaga Dar es Salaam, utadhani huko lilikotoka lilikuwa bado halijazaliwa.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu niliporudi BTP. Kwenye shule niliyopangiwa, mazungumzo ya ofisi ya walimu saa ya chai yalikuwa na mada tatu: madaraja, uhamisho na magari. Mwalimu mmoja alikuwa bado anakatwa mkopo wa gari lake, imebaki miaka mitatu, na gari lenyewe lilikuwa kwa fundi tangu mwezi uliotangulia. Yaani analipia gari huku anakuja kazini kwa bodaboda. Siku moja mwalimu kijana, mwaka wake wa pili kazini, akauliza: "Hivi kwa nini mwalimu asinunue gari jipya kabisa, zero kilometa?" Ofisi nzima ikacheka kana kwamba amesema anataka kununua ndege. Na mimi nilicheka. Usiku nikajiuliza, hivi tulikuwa tunacheka nini?

Maana magari hayo yapo. Kuna Suzuki Alto, kuna Suzuki S-Presso, kuna Renault Kwid. Ni magari madogo yanayotengenezwa India, nchi inayoendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko upande wetu. Alto K10, S-Presso na Kwid zina injini zisizofika sisi 1000. Yalibuniwa kwa ajili ya mtu wa mshahara wa kawaida: karani, nesi, mwalimu, mwenye duka dogo. Afrika Kusini, ambako raia wa kawaida haruhusiwi kuingiza gari la mtumba, mwalimu anayeanza kazi anaingia dukani na kutoka na Volkswagen Polo Vivo au Suzuki Swift mpya, halafu analipa benki kidogo kidogo hata kwa miezi 72. Huko halionekani kuwa jambo la kuchekesha.

Na kiukweli utamu wa gari jipya dogo ni mkubwa kuliko harufu ya viti. Gari jipya halina historia. Hujiulizi aliyekuwa nalo kabla yako aliliuza kwa nini, wala kama kilometa unazoziona kwenye dashibodi ni za kweli au zimerudishwa nyuma. Linakuja na waranti, yaani likikufia ndani ya muda uliotajwa, hasara ni ya muuzaji. Linakunywa mafuta kidogo, na hilo si jambo dogo kwa nchi ambayo kila mwezi tunasubiri EWURA itangaze bei mpya huku tumeshika roho mkononi. Zaidi ya yote, unaweza kupanga bajeti. Mwenye gari la zamani hajui lini litamwomba laki nne. Mwenye jipya, kwa miaka ya mwanzo walau, anajua tarehe ya sevisi na kiasi cha kuandaa.

Tuutendee haki na mtumba pia. Gari la Japani haliuzwi kwa sababu limechoka. Sheria yao inataka gari jipya likaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Watu wengi wanaona afadhali kuuza na kuchukua jingine. Ndiyo maana gari lenye miaka kumi na kitu linaweza kufika hapa bado lina nguvu ya kuzunguka Kimara na Mbezi miaka mingine kumi. Baba zetu na mama zetu hawakuwa wajinga kuchagua IST, Vitz na Passo. Walipiga hesabu.

Basi na sisi tupige hesabu, tuone kinachomfanya mwalimu acheke.

Chukua gari jipya dogo ambalo bei yake mpaka bandarini, pamoja na meli na bima, tuseme ni milioni 20. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, milioni 5. Tumefika milioni 25. Kwa kuwa injini haizidi sisi 1000, ushuru wa bidhaa ni sifuri. Weka VAT ya asilimia 18, milioni 4 na nusu. Jumla milioni 29 na nusu, kabla ya ada ndogondogo, usajili na faida ya muuzaji.

Sasa chukua IST ya zamani ambayo thamani yake bandarini ni milioni 7. Forodha asilimia 25, tunafika milioni 8 na laki saba na nusu. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa sababu injini imezidi sisi 1000. Kisha inakuja ile adhabu ya uzee: gari lililozidi miaka 10 linatozwa asilimia 30 ya ziada. Weka VAT juu ya jumla hiyo. Unafika karibu milioni 14. Hii ni mifano yangu tu, na TRA wana kikokotoo chao mtandaoni kwa anayetaka kujaribu gari analolipenda. Lakini tazama umbo la hesabu. Gari jipya limelipa kodi isiyofika nusu ya bei yake. Gari la zamani limelipa kodi karibu sawa na bei yake yote. Na bado la zamani ni nusu ya bei ya jipya.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema dawa ni kuyabana zaidi magari ya zamani. Wanatuambia tuige Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa, au Uganda, ambako mwaka 2018 waliweka kikomo cha miaka 15. Wana hoja: moshi, ajali, dampo la vyuma vya wenzetu. Sizipuuzi. Ila adhabu ya uzee tunayo tayari, tena nzito, na haijamsogeza mwalimu hatua moja kuelekea duka la magari mapya. Ukiipandisha, IST inatoka milioni 14 inakuwa 16 au 17, lakini lile jipya linabaki palepale kwenye milioni 30. Umemfungia mtu mlango wa uani wakati mlango wa mbele hauna kitasa.

Kitasa chenyewe ni mkopo. Wenzangu wa Elimu tunajua mshahara wa kwanza utakavyokatwa hata kabla hatujauona. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, wengi wetu tutaianza safari hiyo kuanzia mwezi wa kwanza. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, na kodi ya mapato inachukua chake. Halafu kuna ile kanuni ya moja ya tatu, kwamba makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kukuacha chini ya theluthi ya mshahara wako wa msingi. Ni kanuni nzuri, inatulinda na sisi wenyewe.

Sasa gawanya milioni 30 kwa miezi 60. Unapata laki 5 kila mwezi, na hapo riba bado haijaingia, na riba za mabenki yetu kwa mtu wa kawaida zimezoea kuwa na tarakimu mbili. Gawanya milioni 14 kwa miezi hiyohiyo, unapata kama laki 2 na elfu 33. Ya kwanza mwalimu anayeanza haiwezi hata akilala njaa. Ya pili ataibeba kwa shida, na wengi wanaibeba. Wengine wanashindwa kusubiri benki wanakwenda kwa kausha damu, na hao hadithi zao tunazijua, kadi ya ATM inabaki kwa mkopeshaji.

Nilitaka kuona kwa macho, kwa hiyo likizo iliyopita nilikwenda kwenye duka moja la magari mapya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Getini mlinzi akaniuliza, kwa upole tu, "Dada, unamtafuta nani?" Hakuniuliza natafuta gari gani. Ndani nilipokelewa vizuri. Gari dogo nililouliza lilikuwepo moja, kwenye kona. Yaliyokaa mbele yalikuwa makubwa, yale ya miradi na ofisi. Nilipouliza kuhusu malipo ya awamu, yule kaka wa mauzo akaniuliza kampuni yangu inaitwaje. Si kwamba alinidharau. Hajazoea kuuzia mtu, amezoea kuuzia taasisi. Gari la mtu wa kawaida lipo, lakini mtu wa kawaida hayumo kwenye orodha ya wateja.

Tuseme sasa muujiza umetokea, bei imeshuka na mkopo umepatikana. Je, tutalinunua? Hapa lazima tusemane ukweli.

Mwaka 2008 huko India, Ratan Tata alionyesha gari liitwalo Tata Nano, kwa bei iliyotangazwa ya rupia laki moja. Alisema wazo lilimjia kwa kuona familia nzima imebanana juu ya pikipiki. Dunia ilishangilia. Kiwanda kilichoanza kujengwa Singur kilipingwa na wakulima wa eneo hilo kwa sababu ya ardhi, kikahamishiwa Sanand, Gujarat. Magari kadhaa yakashika moto. Lakini kilichoimaliza Nano, kwa maoni ya wengi na hata ya Ratan Tata mwenyewe aliyekuja kusikitika hadharani, ni kule kutangazwa kama gari la bei ya chini kuliko yote. Mtu aliyejibana akanunua gari lake la kwanza hakutaka majirani waone amenunua umaskini wenye magurudumu manne. Wengi waliongeza fedha kidogo wakachukua Maruti, au walinunua mtumba wenye heshima. Mwaka 2018 uzalishaji ukakoma.

Sasa nitazame mabweni yetu. Nilipomweleza rafiki yangu mmoja habari za Alto mpya, alinijibu bila kufikiri mara mbili: "Afadhali Crown ya 2005 kuliko hako kakitu." Anasoma uchumi huyo. Crown inakunywa mafuta kama ina kisima chake, na yeye anasubiri boom kama sisi wote, lakini tayari ameshachagua. Tunacheka watu wa mtaani wanaosoma namba za magari, na sisi wasomi tunafanya lilelile kwa kuangalia ukubwa wa boneti. Kama gari ni cheti cha kwamba umetoboa, basi hakuna gari dogo la bei nafuu litakalofanikiwa hapa, hata likiuzwa kwa bei ya pikipiki.

Lakini nisimlaumu mnunuzi peke yake, maana kuna sababu nyingine ambazo si majivuno. Ukipangiwa kazi Kasulu au Tunduru na IST yako, fundi wa mtaani anaijua kwa kuisikia tu inavyonguruma. Spea zake zinapatikana mji wowote wenye soko, zisipopatikana zinatumwa na basi kutoka Kariakoo au Ilala, kesho zimefika. Ukitaka kuiuza, wiki haiishi. Na Kwid mpya je? Waranti kwa kawaida inakutaka ufanye sevisi kwenye gereji iliyoidhinishwa na kampuni. Gereji hiyo ikiwa Dar es Salaam na wewe uko Kasulu, waranti yako ni karatasi nzuri ya kuhifadhi kabatini. Gari haliuzwi peke yake. Linauzwa pamoja na fundi wake, spea zake na mtu wa kulinunua baada yako. Toyota ya mtumba inakuja na hivyo vyote, tena bure.

Mfano wa waliofaulu upo. Mwaka 2004 kampuni ya Renault ilitoa Dacia Logan huko Romania, kwa lengo la kuuza gari la takriban euro 5,000. Hawakulifanya dogo la kuonewa huruma. Lilikuwa na nafasi ya familia nzima na buti kubwa, gumu kwenye barabara mbovu, na vifaa vingi vilivyochukuliwa kutoka magari mengine ya Renault, kwa hiyo spea na mafundi walikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichopunguzwa ni madoido. Watu hawakuona haya kulinunua, hata Wafaransa wakaanza kulitaka.

Na kuna kitu ambacho hakipaswi kupunguzwa kamwe. Mwaka 2014 Nano ilipogongeshwa kwenye majaribio ya Global NCAP ilipata nyota sifuri. Shirika hilohilo lilianza kupima magari yanayouzwa Afrika mwaka 2017, na mwaka uliofuata pikapu ya Nissan NP300 Hardbody, gari jipya la dukani, nayo ikapata sifuri. Kwa hiyo upya si usalama. Tukikaribisha magari ya bei nafuu bila kuuliza maswali, tutaletewa yaliyonyang'anywa mifuko ya hewa ili bei ishuke, na sisi tutashangilia harufu ya viti.

Najua kuna msomaji ameshachoka ananiambia: shida yetu si magari, shida ni daladala. Tujengewe usafiri wa umma wa maana, nani atahangaika na mkopo? Namuunga mkono kwa nusu. Tangu mwendokasi ianze mwaka 2016 tumeona kwamba inawezekana, na tumeona pia foleni za Kimara asubuhi. Mji ukipata mabasi ya uhakika, wengi tutaacha kuota magari. Ila mwalimu wa sekondari ya kata iliyo kilomita 18 kutoka barabara ya lami hatajengewa mwendokasi. Huyo, siku mtoto wake akiumwa usiku, ama ana gari, ama ana namba ya bodaboda.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo na kinapimika. Kwanza, kabla ya kuongeza adhabu kwa gari la zamani, serikali ipunguze ile forodha ya asilimia 25 kwa magari mapya yenye injini ndogo yaliyopimwa usalama. Najua viwango hivyo vinapangwa pamoja na wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi hoja ipelekwe huko. Pili, SACCOS za walimu na watumishi zikae na wauzaji, zinunue kwa mkupuo na kuwakopesha wanachama kwa miezi 72 au zaidi. Mtu mmoja getini anaulizwa anamtafuta nani, lakini wanachama mia wakija pamoja watapewa kiti na chai. Tatu, muuzaji anayetaka fedha yetu afundishe mafundi wa mikoani, maana vyuo vya VETA viko kila upande wa nchi na vijana wa kufundishwa wamejaa.

Na sisi wenyewe tulio mwaka wa tatu, tunaosubiri ajira, tuache kuhesabu gari kama sehemu ya mahafali. Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini sitanunua gari, la namba yoyote. Nitaweka akiba SACCOS, nitapanda basi, na nitakuwa na daftari la kuandika nauli ninayotumia kila mwezi, ili siku nikiingia dukani nijue ninalipia nini.

Yule mwalimu kijana wa pale shuleni hakujibiwa swali lake. Tulicheka, kengele ikalia, tukaenda darasani. Lilikuwa swali zuri la hesabu, na ofisi ile ilikuwa na walimu wa hesabu wanne.